Chalon hadi Mâcon kwa baiskeli: siku mbili bila kupigiwa honi

Wifi yangu alipokuja Lyon, hapa Ufaransa, mwezi wa Septemba, hakuuliza habari za mnara wala maduka. Aliuliza kama bado naendesha baiskeli. Kwetu Tanga baiskeli si mazoezi. Mtu anaendea kazini, sokoni, hata msibani. Ila yeye alikuwa hajaigusa miaka kadhaa, tangu bodaboda ilipomkosakosa pale Ngamiani akaishia mtaroni na kapu lake la samaki. Nikamwambia nitampeleka mahali ambapo hatapigiwa honi siku mbili nzima. Akacheka, hakuamini.

Njia yenyewe inaitwa Voie Verte, yaani njia ya kijani, na iko kusini mwa mkoa wa Burgundy. Kipande cha kutoka Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa mwaka 1997 na ndicho cha kwanza cha aina yake Ufaransa. Zamani palikuwa na reli. Treni zikaacha kupita, mataruma yakang'olewa, ikamwagwa lami. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, Muheza kisha Korogwe, na alipenda kutueleza kwamba treni haiwezi mlima, kwa hiyo mwenye kuijenga reli ama anauzunguka mlima, ama anaukata, ama anautoboa. Jasho la watu wale sasa linatufaa sisi wa baiskeli. Unapanda bila kujua kama unapanda, isipokuwa pumzi inakuambia.

Tulichukua treni ya mkoa asubuhi kutoka Lyon mpaka Chalon-sur-Saône, baiskeli tukazitundika kwenye behewa lenye alama yake, bure. Mimi nina baiskeli yangu. Ya wifi niliikodi katika duka moja hapa mjini ambalo silitaji, na habari zake zinakuja.

Kutoka stesheni ya Chalon kuna kipande cha mjini chenye magari, kisha njia inakuchukua pole pole hadi Givry. Hapo ndipo mizabibu inapoanza. Wifi alisimama kabisa. "Wifi, magari yako wapi?" Nikamwambia hayapo, hayaruhusiwi. Akaangalia nyuma mara tatu ndipo akapanda tena.

Kati ya Givry na Buxy ndipo penye utamu wote. Mizabibu imepandwa kwa mistari iliyonyooka kama nywele zilizosukwa, mifupi, hainifiki kifuani, na tulikuta watu wanachuma. Trekta zao ni za ajabu: zina miguu mirefu, zinapita juu ya mstari wa mizabibu, tairi moja huku na jingine kule, dereva yuko juu kama mtu aliyepanda twiga. Zabibu nyeusi za Pinot Noir ni ndogo na zimebanana kwenye kichala hata kidole hakipiti. Mzee mmoja alitupa kichala kimoja. Maganda magumu, mbegu nyingi, tamu kupita zabibu za dukani. Sisi hatunywi mvinyo, kwa hiyo kama umekuja hapa kutafuta maoni juu ya Givry nyekundu au Montagny nyeupe, muulize mwingine. Ninachoweza kusema ni kwamba njia inapita milangoni mwa wauzaji, na tuliopishana nao njiani walikuwa wanaondoka Buxy na chupa mbili mbili kwenye mifuko ya kariya na mwendo umebadilika kidogo.

Sasa ukweli ambao vipeperushi havisemi: ukishaipita Saint-Boil mizabibu inapungua, na ukiiacha Saint-Gengoux-le-National, kijiji cha zamani chenye vichochoro vya mawe, unaingia nchi ya ng'ombe. Ng'ombe weupe wa Charolais, wakubwa, wanene, wametulia kama masofa. Njia inafuata bonde la mto Grosne, na mahali pengi miti imefunga huku na huku, unaendesha kwenye kivuli kilomita baada ya kilomita huoni kitu. Reli ni reli, imenyooka. Mimi nilichoka na huko kunyooka. Wifi alikupenda kuliko mizabibu, kwa sababu ya jua.

Maji ni tatizo. Njiani mabomba ni machache, na Jumapili vijiji vimelala. Waendesha baiskeli wa Ufaransa wanayo siri yao: makaburini. Karibu kila makaburi ya kijijini yana bomba la kumwagilia maua. Nilipomwonyesha wifi akakataa katakata. "Maji ya makaburini nisiyanywe, hata nikifa kiu." Kilomita tano mbele alikunywa. Angalia tu kama pameandikwa *eau non potable*, yaani maji yasiyofaa kunywa, hapo usithubutu.

Chakula ukichelewa umekosa. Saa nane mchana jikoni wamefunga, na uso wa kukuonea huruma hawana. Tulifika Saint-Gengoux saa nane na robo. Tukanunua mkate na jibini ya mbuzi ya Mâconnais, kajibini kadogo kama kikombe cha kahawa kilichopinduliwa, kavu kwa nje, tukala tumekaa kwenye ngazi. Kwa Waislamu wenzangu: huku nguruwe anajificha hata kwenye saladi, uliza kwanza.

Chini ya kilima cha Taizé tulikutana na kundi la vijana wanashuka kwa miguu, mabegi mgongoni. Kule juu kuna jumuiya ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1940, na vijana wa dunia nzima huja kusali na kupiga kambi. Mmoja aliyasikia mazungumzo yetu, akageuka: "Jambo mama, munatoka wapi?" Ni wa Bukavu, Kongo. Tukasimama robo saa, wifi akimcheka Kiswahili chake na yeye akimcheka wifi cha kwake.

Tukalala Cluny. Abasia yake, yaani nyumba kubwa ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu, mita 187 kwa urefu, lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa la Mtakatifu Petro kule Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likauzwa, likabomolewa, mawe yake yakawa nyumba za watu. Kilichobaki ni kipande cha ubavu mmoja na mnara wake, na hicho kipande peke yake kinakufanya uinue shingo mpaka iume. Jipe muda wa kutosha hapo.

Siku ya pili ndiyo fupi, kilomita ishirini na kitu, lakini ndiyo yenye kupanda kwenyewe, kuelekea handaki la Bois Clair. Handaki lina urefu wa kilomita 1.6, na wakati wa baridi hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo. Hapo itabidi upande mlima kwa barabara ya juu. Nje lilikuwa jua la kukausha nguo, ndani baridi ya friji, maji yanadondoka kwenye kuta, taa ni hafifu. Vaa koti kabla hujaingia.

Wifi alikuwa mbele yangu. Katikati ya handaki nikasikia *krrr*, kisha akapiga pedali hewani. Cheni imetoka. Tukasimama gizani, mimi namulika kwa simu, yeye amechutama anaivuta kwa vidole, grisi nyeusi hadi kwenye viwiko. Nilichokiona pale kilinikasirisha. Cheni unaikagua hivi: ivute kwa vidole pale inapozunguka gia kubwa ya mbele. Ikiinuka ukaona meno yake, imekwisha. Ya wifi iliinuka meno mawili mazima. Dukani nilikuwa nimekagua breki na upepo, cheni sikuigusa. Kosa langu, na kosa lao kubwa zaidi. Ilitoka mara mbili tena kabla ya Mâcon.

Lakini ukitoka upande wa pili wa handaki! Mizabibu inarudi yote kwa mpigo, chini na juu, ngome ya Berzé-le-Châtel imesimama na minara yake, na mbele kidogo mwamba wa Solutré umechomoza kama omo ya jahazi linaloingia bandarini. Unateremka bila kupiga pedali. Kama una siku moja tu na miguu midogo, acha yote niliyosema juu, panda treni mpaka Mâcon ufanye kipande hiki cha Mâcon na Cluny, kwenda na kurudi.

Njia inakwisha Charnay-lès-Mâcon, na hapo ndipo ahadi yangu kwa wifi ilipovunjika. Kuanzia hapo hadi stesheni, kilomita chache, uko na magari, na mzunguko mmoja ulinitoa jasho. Alipigiwa honi moja. Akaihesabu.

Kwa wenye baiskeli nyembamba za lami: njia ni laini, tairi za milimita 25 zinatosha. Ila usije kutafuta mwendo wikendi. Kuna watoto, mbwa, watu wa viatu vya magurudumu, na kila inapokatiza kibarabara kuna vizuizi vya kukupunguza kasi, na anayepaswa kusimama ni wewe. Kengele ni lazima. Njoo Jumanne.

Jumatatu nilirudisha baiskeli dukani. Kijana akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali mara mbili, akasema cheni haina neno. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya mikono ya wifi. Akaiangalia sana, akaniuliza kama tulikuwa tunatengeneza gari.