Schnitzel ya ndama mjini Melk: fika kabla ya saa nane

Jumapili iliyopita mimi na shemeji tulipanda treni pale Westbahnhof, Vienna, tukaenda Melk, ule mji mdogo wa kando ya Danube wenye abasia ya Wabenediktini juu ya mwamba. Kupanda huko kulitumaliza miguu. Tuliposhuka ilikuwa saa saba na nusu, njaa inauma, tukaingia mgahawa wa kwanza tuliouona wenye watu. Mhudumu akaangalia saa kabla ya kutuangalia sisi. Jiko linafungwa saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu jioni! Vienna imetudekeza.

Mimi Msabato, kitimoto sili, kwa hiyo menyu ya Austria naisoma kama mkataba wa nyumba. Schnitzel ni kipande cha nyama kilichopondwa, kikavishwa chenga za mkate na kukaangwa. Kwa sheria ya huku, palipoandikwa "Wiener Schnitzel" tupu, hiyo ni nyama ya ndama. Ukiona "vom Schwein" imeongezwa, ni nguruwe. "Wiener Art" nayo mara nyingi ni huyo huyo. Ya ndama euro 24, ya nguruwe 15. Shemeji, mtoto wa Moshi, hakuumiza kichwa, akaagiza ya nguruwe.

Nikauliza na mafuta. Yule dada akaenda jikoni, akarudi na jibu zuri: ya ndama inakaangwa kwa samli, kwenye kikaango chake peke yake. Ya nguruwe inazamishwa kwenye mafuta ya kupikia ya kawaida.

Ikaja imezidi sahani. Nyama imepondwa ikawa nyembamba, na ganda la juu limepanda na kushuka kama mawimbi, limeachana kabisa na nyama. Nilipochoma uma likavunjika, mvuke ukatoka. Mpishi anayeijua kazi anatikisa kikaango muda wote, samli ya moto inapita hadi juu, na ule unga, yai na chenga za mkate vinaumuka badala ya kugandia nyama. Ya shemeji ilikuwa imegandia, pembeni kavu. Nikammegea yangu. Akatafuna, akanyamaza, akaivuta menyu kuangalia bei tena.

Sosi usiombe, ni limau tu. Niliomba pilipili, nikaletewa pilipili manga.

Kilichoniudhi ni saladi ya viazi. Huku hawaweki mayonezi, wanachanganya na supu ya nyama, siki na vitunguu, na ikiwa vuguvugu ni tamu kweli. Hii ilitoka moja kwa moja kwenye friji, ganzi ya meno. Kwa euro 24 hapana.

Halafu kadi hawapokei. Shemeji alikimbia kutafuta mashine ya pesa, mimi nimebaki kama dhamana, viti vinapandishwa juu ya meza za jirani.

Nitarudi, ila saa sita kamili, na noti mfukoni.