Kibanda cha vitabu karibu na msikiti, Kisumu: nilienda kwa sababu ya wakwe

Kwanza nikuonye: usiende Ijumaa mchana. Nilitoka Mbale, Vihiga, na matatu ya asubuhi, nikapitia soko la Kibuye kutafuta mashuka ya wageni, nikafika kibandani saa saba kasorobo. Kufuli. Muuza njugu wa pale nje akanicheka. "Mama, leo Ijumaa. Ngoja waswali." Nikakaa kwenye benchi lake hadi baada ya saa nane, na njugu nikala za shilingi hamsini.

Safari yenyewe ilitokana na binti yangu. Anaolewa na kijana Mwislamu wa Mumias, na wazazi wa kijana walikuwa waje kwetu wiki iliyofuata. Mimi ni Muanglikana na nimefundisha dini ya Kikristo shuleni hadi nikastaafu, lakini swali moja lilikuwa linaninyima usingizi: hawa wageni wakiikuta Biblia yangu mezani sebuleni, wataionaje? Mihadhara ya uwanjani ya Waislamu na Wakristo nimeisikia sana, vipaza sauti viwili vikipigana kwa aya, na sijawahi kutoka pale na jibu. Nikaamua kununua Qur'ani ya Kiswahili nijisomee.

Kijana msaidizi ndiye aliyefungua. Kusikia tu kwamba mimi ni Mkristo, akanishikisha kitabu kingine kabisa, Injili ya Barnaba. "Hii ndiyo ile ya kweli mliyofichwa, mama." Nikaifungua huku nimesimama. Sura ya 20, Yesu anapanda chombo ziwani Galilaya na kushuka Nazareti. Nazareti iko milimani! Ni kama mtu akuambie alipanda mtumbwi ufukweni Dunga akateremkia Kakamega. Kijana alikuwa bado ananihimiza mzee mwenye kibanda alipoingia kutoka msikitini. Hakunitazama mimi, alimtazama kijana.

"Qur'ani inamwita Isa nani?"

"Masihi, maalim."

"Na humo ndani Isa anasema yeye si Masihi. Sasa unauza nini?"

Kitabu kikarudi rafuni. Baadaye mzee aliniambia kwamba hati ya Kiitaliano ya kitabu hicho iko Vienna, kwamba Waingereza waliitafsiri mwaka 1907, na kwamba ni maandishi ya karne nyingi baada ya mitume. Nilimuuliza kwa nini basi bado anakiuza. Akasema kinatoka haraka kuliko vyote. Hapo namkata nyota moja, samahani mzee.

Nilichonunua ni tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ilitoka kamili Nairobi mwaka 1969. Kiswahili chake ni cha pwani, kitamu, ingawa mtu wa bara kama mimi husoma taratibu. Lakini hata kabla sijalipa, mzee alitoa chini ya meza Biblia yake mwenyewe, imechakaa kuliko yangu, akaiweka kando ya Qur'ani. Alinifungulia Zaburi 37:29, wenye haki watairithi nchi. Kisha Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 105: Mungu anasema aliandika katika Zaburi kwamba ardhi watairithi waja wake wema. Miaka yote ya kufundisha, sikujua kwamba Qur'ani inataja Zaburi kwa jina na maneno yake yakawa yale yale.

Nikadhani basi, tumepatana. Akanizuia. Mwislamu, alisema, hana imani kamili asipoamini Taurati, Zaburi na Injili. Sura ya Al-Maida, aya ya 46, inasema ndani ya Injili mlikuwa na uongofu na nuru. Ila Injili hiyo ni moja, aliyopewa Isa. Mathayo, Marko, Luka na Yohana kwake ni watu wanaosimulia habari za Isa, na Qur'ani ndiyo inayochunga lipi lilibaki sawa. Nikamuuliza: maneno yalibadilishwa, au ni maana iliyopindwa? Akasema wanazuoni wenyewe hawakubaliani. Ibn Hazm wa Andalusia, karne ya 11, alishikilia kwamba maandishi yenyewe yaliharibiwa. Wengine walisema kosa liko kwenye kufasiri. Na al-Biqai wa Kairo, karne ya 15, alinukuu Biblia waziwazi katika tafsiri yake ya Qur'ani, akashambuliwa, akaandika kujitetea. Kuhusu msalaba, kama Isa alisulubiwa au la, tuligongana. Hakujaribu kunilainishia, nami sikumlainishia.

"Na mkwe wangu nikimsomea aya ya kwangu?"

"Akiifuata hadithi ya Mtume iliyo katika mkusanyo wa Bukhari, mama, hatakusadiki wala hatakukadhibisha."

Kasoro nyingine ni ndogo ndogo. Pamebana, watu wawili wakiingia wa tatu anabaki na bodaboda barabarani. Risiti hakuna. Nililipa shilingi 1,500, bei haikushuka hata kwa salamu za Mumias. Mzee alikifunga kitabu kwa kitambaa safi na kuniomba nisikiweke sakafuni kwenye matatu, nikakipakata hadi Mbale. Usiku huo nilisoma Sura ya Maryam mara mbili, pale anaposhikwa na uchungu chini ya mtende, habari ambayo kwenye Injili zangu haimo.

Nyota nne.

Wageni walikuja. Baba wa kijana aliviona vitabu viwili rafu moja, akanyamaza kidogo, akaichukua Qur'ani kwa mikono miwili na kuifungua. Kisha akaniuliza nimeinunua ngapi. Nilipomtajia akatikisa kichwa: Mumias ningeipata kwa 1,300.