Tahadhari: Fundi wa Darajani anayeuza "leseni ya masasisho" ya Ubuntu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika kwa hasira na, nisifiche, kwa haya pia, maana niliwahi kudanganywa kwa kompyuta yangu ya kwanza, nikaapa kuwa sitadanganywa tena.

Laptopu niliinunua kwa fundi huyo ikiwa na Ubuntu 22.04, yaani mfumo endeshi wa bure utumikao badala ya Windows. Alinikaribisha kwenye benchi, akaniagizia kahawa, akafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kunieleza kwa upole kwamba Ubuntu isiyo na leseni ya masasisho hufa baada ya miezi sita. Nilimhesabia shilingi 85,000 taslimu, naye akaniandikia risiti kwa mkono. Kisha akanigeuzia kompyuta ili niandike nywila yangu mwenyewe, na nilipokuwa nikiandika akatazama barabarani asiione. Adabu ile ndiyo iliyoniponza. Mwizi gani hugeuza uso? Hakuwa na haja ya kuiona, kwa kuwa vidole vyangu ndivyo vilivyompa ruhusa aliyoitaka. Isitoshe, alisoma skuli moja na mdogo wangu, na maandishi yaliyokuwa yakishuka mbio kwenye skrini yalinifanya niamini kuwa kazi kubwa inafanyika.

Wiki ya tatu kivinjari kikaanza kunifungulia kurasa za kamari, mimi mtu mzima, mbele ya wateja waliokuja kuchapisha vyeti. Nilipompigia aliniambia leseni imekwisha, nilipe tena.

Mpwa wangu ndiye aliyefungua folda ya /etc/apt/sources.list.d na kukuta faili moja yenye anwani ya tarakimu tupu, isiyo na jina, na kando yake maneno trusted=yes, yaani apt, programu ya Ubuntu inayopakua na kuweka programu nyingine, imeamriwa isihakiki saini ya hazina hiyo, yaani mahali programu zinapochukuliwa mtandaoni; saini ndiyo inayothibitisha zimetoka kwa nani. Humo mliwekwa kivinjari chenye namba ya toleo kubwa kuliko ile rasmi, na apt, ikidhani ndicho kipya zaidi, ikakichukua yenyewe. Kufuta faili hiyo hakukutosha, kwani kilichokwisha kuingia hubaki, na kiliingia kwa mamlaka yote ya mfumo. Tulilazimika kuweka Ubuntu upya na kubadilisha nywila zote.

Na leseni yenyewe haipo duniani! Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 na masasisho yake ya usalama ni bure kwa miaka 5. Mtu akikuongezea hazina ya nje, muulize ni ya nani na ufunguo wake wa saini uko wapi. Akikudai fedha za masasisho ya Ubuntu, ondoka.

Huyu hafai kuonywa tu. Arejeshe fedha za kila aliyemlaghai, afungiwe duka, na apelekwe mahakamani akaeleze hiyo miezi sita aliitoa wapi. Nanyi mliokwisha kumlipa msione haya, njooni tuwe wengi. Risiti yake nimeitia kwenye bahasha, na kesho asubuhi naanza kwa sheha.