Uzoefu wangu na Toyota Premio ya cc 1,500 niliyoinunua mkononi hapa Mbeya

Mtu mwenye Sh 11,000,000 anayetafuta gari dogo la familia hapa Mbeya hukutana na herufi kabla hajakutana na gari. Dalali atamwambia kwamba hili ni namba D, lile ni namba C, na kwamba namba E asahau kwa fedha hizo, kana kwamba herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao cha usajili ndiyo inayosukuma magurudumu. Herufi hiyo huonyesha tu gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haionyeshi lilitengenezwa lini, wala lilifanyishwa kazi gani kabla ya kupanda meli, na Premio ya mwaka 2003 iliyoingia nchini mwaka 2016 hubaki kuwa gari la 2003 hata kama kibao chake kinasomeka D. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonipatia gari nililo nalo: nilichukua namba C kwa Sh 9,200,000 wakati namba D za aina hiyohiyo zilikuwa juu kwa zaidi ya milioni mbili, na Sh 1,800,000 zilizobaki kwenye milioni 11 zangu ndizo zilizolipia matengenezo yote ya mwanzo.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya umbo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2001 na kupisha umbo la pili mwaka 2007. Watu wengi huuliza rangi na namba bila kuuliza injini, na hapo ndipo fedha hupotelea, maana ndani ya umbo hilohilo mna injini tatu zenye tabia tofauti kabisa. Kibati kilichomo chini ya boneti hujibu swali hilo bila kumtegemea muuzaji. Kikisomeka NZT240, injini ni 1NZ-FE ya cc 1,500. ZZT240 ni 1ZZ-FE ya cc 1,800. Na AZT240 ni 1AZ-FSE ya cc 2,000, ile ambayo mtaani huitwa D4.

D4 niliiondoa kwenye orodha mapema, ingawa ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko zote, na bei hiyo ya chini ina sababu yake. Injini hiyo hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo inahitaji petroli safi na fundi anayeielewa pampu yake, na masizi hujikusanya kwenye njia za kuingizia hewa kwa kuwa petroli haipiti huko kuzisafisha. Ile ya cc 1,800 ilinivutia zaidi kwa ajili ya milima, lakini matoleo yake ya awali yanajulikana kwa kula oili, kwani matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na huziba kirahisi. Mwenye fedha za kutosha anaweza kutafuta iliyotunzwa vizuri, mwenye bajeti yangu hana nafasi ya kubahatisha. Nilibaki na 1NZ-FE, injini inayotumika pia kwenye IST, Runx, Spacio na Probox, ambayo kila fundi wa Mwanjelwa ameifungua mara nyingi na vipuri vyake havihitaji kusubiri basi la kutoka Dar es Salaam. Tena taimingi yake ni ya cheni, si ya mkanda unaohitaji kubadilishwa kila baada ya muda.

Carina Ti niliitazama kwa heshima, kwa kuwa ni gari gumu na linatumia mafuta kidogo, ila uzalishaji wake ulikoma 2001 na zilizobaki sokoni zimechoka bodi. Isitoshe, taimingi yake ni ya mkanda, na wauzaji wachache wanaweza kueleza ulibadilishwa lini. Mark II Grande sikuitazama. Najua vijana wa Kabwe hawatanielewa, lakini silinda sita kwa mshahara wangu ni kujitafutia ugomvi nyumbani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kwa sisi wa nyanda za juu, nalo ni upoozaji wa injini. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, hivyo mfuniko uliolegea ambao mtu wa Dar es Salaam angetembea nao bila kuhisi lolote unaweza kumwaibisha mtu wa huku akiwa katikati ya mlima. Ongeza kwamba hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini ya kawaida kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo injini ndogo hukanyagwa zaidi ili ipande, na joto huongezeka.

Halafu kuna suala la thamostati, kilango kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke hadi injini ipate joto. Gari likichemsha, mafundi wengi hutoa kifaa hicho wakaufunga mpira bila kitu ndani, na mwenye gari huondoka akifurahi kwamba ugonjwa umepona. Thamostati ya injini hii hufunguka karibu na nyuzi 82. Ikiondolewa, maji huzunguka muda wote na injini haifikii joto lake, hasa katika asubuhi za Juni na Julai zenye baridi ya kuuma vidole. Kompyuta ya gari huona injini bado ni baridi, ikaendelea kuongeza petroli, na oili huchafuka mapema. Kwa hiyo gari lililotolewa thamostati linaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba liliwahi kuchemsha, na kwamba chanzo cha kuchemsha hakikutafutwa. Namna ya kulitambua ni rahisi. Liendeshe hadi lipate joto, kisha literemshe mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta huku ukiutazama mshale wa joto. Ukishuka sana kuelekea baridi, kuna kitu kimetolewa. Premio moja niliyoipenda kwa macho, iliyokuwa yadi ikiwa imeng'arishwa hadi matairi, ilianguka katika kipimo hiki, na tulipoufungua mfuniko wa rejeta asubuhi iliyofuata tukakuta maji ya rangi ya kutu.

Niliyoinunua ilikuwa ya mama mmoja mstaafu wa mtaa wa Forest. Nilimpigia simu jioni, na baada ya shikamoo nikamwomba, "Mama, naomba kesho gari lisiwashwe kabla sijafika." Alikubali bila kuuliza sababu, jambo ambalo madalali kadhaa walilizungushazungusha. Injini baridi husema ukweli ambao injini iliyopashwa joto huuficha: kelele za cheni katika sekunde za kwanza, moshi wa buluu, mtikisiko wa plagi zilizochoka. Tuligusa boneti, ilikuwa baridi. Kwenye rejeta tukakuta kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) nyekundu iliyo safi. Chini ya mfuniko wa oili palikuwa na povu jeupe kidogo, na hapa fundi wangu alinieleza jambo linalofaa kujulikana: huku kwenye baridi, gari linalotembea safari fupi tu hupata povu hilo kutokana na unyevu, wala halimaanishi moja kwa moja kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yanaingia kwenye oili. Kinachotofautisha ni oili iliyo kwenye kijiti cha kupimia. Yetu ilikuwa na rangi ya kawaida, bila weupe wowote.

Baada ya hapo tulilipandisha barabara ya Chunya kuelekea msitu wa Kawetere, ambako hakuna injini mbovu inayoweza kujifanya nzima. Lilipanda polepole lakini mshale wa joto haukutikisika, na tulipogeuza na kuteremka ulibaki palepale. Giabox ya gari hili ni otomatiki ya kawaida yenye gia nne, na hilo nililitaka makusudi, kwa kuwa Premio za umbo la pili hutumia CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, ambayo huharibika ikiwekewa oili ya gia isiyo yake, na si kila gereji huku inazingatia tofauti hiyo. Gia ziliingia bila kuchelewa wala kupiga. Kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi sikuzipa uzito, kwani hakuna namba rahisi kubadilishwa kama ile. Nilitazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na kiti cha dereva, ambavyo uchakavu wake ulilingana na umri. Nilihakikisha pia kwamba taa ya injini inawaka swichi inapofunguliwa na kuzimika baada ya kuwasha. Taa isiyowaka kabisa si dalili ya uzima, bali kuna mtu ameinyamazisha.

Makasoro yalikuwapo na yalionekana. Bushi za mbele zilikuwa zimekwisha, shokapu mbili za nyuma zilivuja, mlango wa kushoto ulikuwa umepigwa rangi upya kwa mkono usio hodari, na betri ilikuwa inaaga. Yote hayo hurekebishika kwa fedha inayojulikana, na niliyatumia kuteremsha bei.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Kadi ilikuwa halisi na kwa jina la muuzaji mwenyewe, namba ya chesisi ililingana na iliyopigwa kwenye bodi, na nilikagua kwenye mfumo wa polisi kwamba gari halidaiwi faini za barabarani, maana faini huifuata namba ya gari na mnunuzi ndiye hukutana nazo. Tuliandikiana mkataba mbele ya wakili, kisha umiliki ukahamishwa TRA. Gari ambalo kadi yake iko kwa jina la mtu wa tatu "aliyesafiri" nisingelichukua hata kwa nusu ya bei.

Ile Sh 1,800,000 niliyoibakiza ilikwenda kwenye bima ndogo, ushuru na ada za kuhamisha umiliki, betri, bushi, shokapu, plagi, oili zote pamoja na ya gia, na mfuniko mpya wa rejeta, ambao ulikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote na pengine cha maana kuliko vyote. Hapa nina msimamo mkali: mwenye milioni 11 ana gari la milioni tisa na kidogo. Anayezimaliza zote kwa muuzaji atakuwa akiendesha matatizo ya mwenzake hadi mshahara wa mwezi wa pili au wa tatu.

Katika matumizi, Premio hii inanipa kati ya kilomita 12 na 13 kwa lita kwenye barabara kuu ya kwenda Makambako, na karibu tisa mjini, ambako foleni ya Mafiati na malori ya Tunduma hayampi mtu nafasi ya kubana mafuta. Mlima Kitonga imeupanda bila kuchemsha, ingawa ukiwa na abiria wanne na mizigo kwenye buti itakubidi uzime kiyoyozi, ushushe gia na ukubali kupitwa na mabasi. Kwenye mteremko huohuo gia ya chini ndiyo breki. Anayeshikilia pedali hadi chini atanusa pedi zinavyoungua. Viti ni vyema kwa safari ndefu, na wazazi wangu hushuka Iringa bila kulalamikia mgongo. Redio iliyokuja na gari haikufaa kitu, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani yaliishia 90 na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Nilifunga nyingine ya kawaida.

Udhaifu wake mkubwa kwangu ni kimo. Iko chini, na barabara za vumbi zilizochimbwa na mvua za masika huigusa tumboni, kiasi kwamba nikienda shambani upande wa Isongole huliacha gari kwenye lami na kumalizia kwa bodaboda. Kwa anayeishi mjini na kusafiri kwenye lami, sioni sedani nyingine ninayoweza kumshauri kwa fedha hizi. Kwa mwenye gunia za viazi za kubeba kila wiki, atazame Probox kabla ya Premio: injini ni ileile ya 1NZ-FE, kulanti na thamostati hukaguliwa vilevile, ila wazazi hawatashuka Iringa wakiwa wamenyamaza.