Onyesho la District Six linalosahihishwa na watazamaji wake

Kama uko Cape Town na ukasikia kwamba kikundi cha wakazi wa Cape Flats, vitongoji vya tambarare pembezoni mwa mji, kinacheza igizo lao la nyimbo kuhusu District Six, nenda. Si kikundi cha kulipwa. Waliomo ni walimu, mafundi cherehani, wanafunzi wa sekondari, waimbaji wa kwaya za kanisani na vijana wanaopiga ngoma kwenye gwaride la mwaka mpya, na wengi wao ni watoto na wajukuu wa waliofukuzwa mtaani humo. Nimelitazama zaidi ya mara moja, na kila mara nimetoka nikitamani ningekuwa na Watanzania wenzangu na ndugu zetu Wakongo wa hapa mjini. Tunapita kila siku kando ya ule uwanja mpana wa majani chini ya mlima wa Devil's Peak, na wengi wetu tunadhani ni kiwanja tu kilichokosa mnunuzi.

Palikuwa na mji pale, ndio District Six. Ilipata jina hilo mwaka 1867, ilipoandikishwa kuwa wilaya ya sita ya manispaa. Walikaa humo wazao wa watumwa walioachiwa huru, mafundi, mabaharia, wachuuzi, Waislamu wenye asili ya Asia, Wahindi, Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki, Waxhosa. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi, ikitumia Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, ilitangaza kwamba eneo hilo ni la Wazungu peke yao. Kuanzia 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya watu 60,000 walihamishwa na nyumba zao zikavunjwa kwa matingatinga. Wakatawanywa kwenye mchanga wa Cape Flats, jirani huku na jirani kule: Manenberg, Bonteheuwel, Hanover Park, baadaye Mitchells Plain. Yaliyoachwa yamesimama ni hasa makanisa na misikiti michache.

Igizo linafuata familia moja tangu miaka ya 1950, na nusu yake ya kwanza yote imo Hanover Street. Katikati ya jukwaa wamejenga kwa mbao zile Seven Steps, ngazi za mawe zilizokuwa kijiwe cha mtaa. Hapo wanakaa vijana wanaotongoza, wanapita wauza samaki, wanagombana kina mama kuhusu zamu ya kamba ya kuanikia nguo. Muziki ndio ulionishika. Ukiwa umelelewa na ngoma za pwani, ghoema haikupi tabu: ngoma ndogo ambayo watumwa wa Cape waliitengeneza kwa mapipa ya divai, mdundo unaokimbia huku umeshika kiuno. Miongoni mwa watumwa hao walikuwamo walioletwa kutoka Msumbiji na Madagaska, kwa hiyo sikushangaa mwili wangu kuujua mdundo kabla sijaelewa hata neno moja la Kiafrikana. Juu yake wanaweka banjo, saksafoni na tarumbeta, na inapofika sehemu ya tarehe 2 Januari, siku ambayo watumwa walikuwa wakipewa mapumziko baada ya kuwatumikia mabwana zao Mwaka Mpya, jukwaa zima linajaa hariri na miavuli.

Nusu ya pili ni kazi nyingine kabisa. Kuna onyesho la ofisi ya usajili, chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya 1950, iliyompanga kila mtu katika kundi la rangi. Karani anachomeka penseli kwenye nywele za msichana. Ikidondoka, ataandikwa kundi moja, ikikwama, lingine. Dada yake anafuata, na anaandikwa tofauti. Ndugu wa tumbo moja wanatoka mlangoni wakiwa na haki mbili tofauti za kuishi, kusoma na kuoa. Hapo hawakuweka wimbo, na nawapongeza sana kwa uamuzi huo, kwa sababu wimbo ungetupa nafasi ya kupumua.

Kisha zinakuja barua. Kwaya inaimba majina ya mitaa, Tennant, Caledon, Horstley, Tyne, Constitution, kila mwimbaji na mtaa wake, na karani anapita akigawa bahasha. Anayepokea anafungua, anasoma kwa sauti ya kawaida tarehe aliyopewa ya kuhama, anakunja karatasi na kutoka. Sauti yake inakosekana kwenye kwaya. Wimbo unaendelea ukiwa na pengo, halafu pengo la pili, la tatu, mpaka anabaki binti mmoja akishikilia sauti ya kati ambayo peke yake haina maana. Nimeona maonyesho ya gharama kubwa katika kumbi za mjini yenye mataa na moshi, na sijaona lililonieleza vizuri hivi namna mji unavyouawa kwa makaratasi.

Lakini kinachofanya niandike maneno yote haya ni watazamaji. Safu za mbele wanakaa wazee waliozaliwa District Six, na hawakai kimya. Mara ya kwanza nilikaa nyuma ya bibi mmoja aliyevaa hijabu ya kijani. Mwigizaji alipoingia dukani upande wa kulia wa jukwaa, bibi akapaza sauti: duka hilo lilikuwa ng'ambo ya barabara! Mzee wa safu nyingine akamuunga mkono. Mwigizaji akainamisha kichwa kwa heshima, akaendelea. Baada ya onyesho huwa kuna mazungumzo, na mwongozaji alishuka na daftari, akachuchumaa mbele ya bibi yule, akaandika. Nilipokwenda tena, duka lilikuwa limehamia kushoto. Nikaambiwa mambo mengi yameingia hivyo: bei ya samaki, rangi ya mlango, jina la utani la mwalimu wa shule. Hawa watu waliporwa mtaa wao hadi jina lake, kwa sababu serikali iliubandika jina la Zonnebloem mwaka 1970 na lile la zamani halikurejeshwa rasmi hadi 2019. Sasa wanaujenga upya kwa kubishana, mbele ya wajukuu zao wanaousikia kwa mara ya kwanza.

Na hapohapo ndipo lilipo pungufu kubwa la igizo. Watu wa mwaka 1966 wapo ukumbini kusahihisha. Watu wa mwaka 1901 hawapo. Mwaka huo tauni ilipoingia Cape Town, mamlaka yaliwatoa Waafrika mjini kwa nguvu, wengi wakitoka District Six, wakawapeleka Uitvlugt, kambi iliyokuja kuitwa Ndabeni. Mtaa wa Waafrika wa Langa ulipojengwa, wakasukumwa tena. Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza, miaka 65 kabla ya tangazo lile, na ulifanywa chini ya utawala wa Waingereza, kabla hata chama cha Makaburu hakijazaliwa. Katika igizo unapewa sentensi moja, inayosemwa na mzee wa Kixhosa anayevuka jukwaa na kutoka. Hakuna wa kupaza sauti kwamba nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nililisema hili kwenye mazungumzo, kwa Kiingereza changu. Ukumbi ulitulia kidogo, kisha binti mmoja wa kwaya akajibu kwamba bibi mzaa mama yake alitoka Langa na nyumbani kwao hilo halikuwa likizungumzwa. Mwongozaji hakujitetea, alisema hawakupata mtu wa kuwasimulia. Naamini. Lakini nyaraka zipo, na Langa ni mwendo mfupi kutoka ukumbini. Nadhani wakicheza siku moja tu kule, watazamaji wa Langa watawapa wanachokikosa.

Lawama yangu nyingine ni kwamba nusu ya kwanza ina sukari nyingi. District Six ilikuwa na msongamano, wenye nyumba wasiokarabati kitu, na magenge. Serikali ilitumia maneno hayohayo, uchafu na uhalifu, kuhalalisha ubomoaji, kwa hiyo naelewa kwa nini wajukuu hawataki kuyarudia. Hata hivyo wazee wenyewe hawaogopi. Kwenye mazungumzo wanasimulia paa zilizovuja na waume walevi, wanacheka, kisha wanasema wangerudi kesho. Igizo lingepata nguvu zaidi kwa kuwasikiliza hapo pia.

Kuhusu kurudi: wawili wa kwanza, wazee waliokwisha kuvuka miaka 80, walipewa funguo Februari 2004. Nyumba zilizojengwa tangu wakati huo ni chache mno ukilinganisha na waliodai, na wadai wengine wamefariki wakisubiri. Igizo linalitaja hilo mwishoni kwa kuleta viti vitupu jukwaani. Mimi niliona mazungumzo yanalieleza vizuri kuliko viti.

Mambo ya kawaida sasa. Ukumbi ni wa shule, viti ni vya plastiki, chukua mto mdogo kama mgongo unakusumbua. Vipaza sauti vilikatikakatika katika onyesho la kwanza nililoona, na waimbaji wa kike ndio walioumia zaidi. Kama theluthi moja ya maneno ni Kiafrikana na hakuna tafsiri ya maandishi. Matukio yanaeleweka, ila utani unakupita, na jirani yako atakutafsiria kwa furaha ukimwomba. Wakati wa mapumziko kina mama wanauza sambusa na koesister, aina ya maandazi matamu yenye viungo na nazi juu, zinaisha haraka. Tiketi ni nafuu kuliko sinema. Usiku usafiri wa kutoka Flats ni mgumu, panga mapema na mtu mwenye gari.

Kabla ya kwenda, pita District Six Museum, katika kanisa la zamani la Wamethodisti pale Buitenkant Street. Kwenye sakafu kuna ramani kubwa ambayo waliofukuzwa waliandika wenyewe majina yao mahali nyumba zilipokuwa, na vimetundikwa vibao vya mitaa ambavyo mtu wa kikosi cha wabomoaji alivihifadhi. Ukiisoma ile ramani vizuri utaweza kufuata ubishi wa ukumbini. Watoto wa kuanzia miaka kumi wanaweza kuja. Mwanangu aliuliza maswali njia nzima. Chagua onyesho la Jumamosi alasiri, si la usiku, kwa sababu ndilo wazee wanaloletwa kwa basi.