Nimemaliza digrii ya sayansi ya bahari, naipa nyota tatu na nusu

Wadogo zangu mliomaliza fomu siksi naona mnaiulizia sana hii kozi, mimi nimeisoma miaka mitatu, chuo sikitaji.

Kama unawaza pomboo na kupiga mbizi, punguza. Mwaka wa kwanza ni kemia na takwimu, na hizo takwimu ndo mama wa sapu (mitihani ya marudio), jamaa zangu waliodisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, walinasia humo humo. Bahari yenyewe unaiona fildi, na fildi inafuata maji sio ratiba ya mwalimu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanakupwa mida ya saa nne asubuhi jua limeshakaza, mmeinama mnahesabu konokono ndani ya fremu ya nusu mita kwa nusu mita mbiombio kabla hayajaanza kujaa.

Ila mikokoni, jamani, pale hela yangu ilirudi. Tope mpaka magotini, vimizizi vya mchu vimechomoza juu kama penseli kutafuta hewa maana chini kwenye tope oksijeni hakuna, sisi tunakariri majina ya kisayansi, Avicennia marina ndo huo mchu, Sonneratia alba, mzee aliyetuleta na mtumbwi anatucheka tu, "huo Sonneratia wenu ni mlilana, mataruma ya mashua hayo", yaani mbavu zake. Mtihani ulipokuja nilikumbuka ya mzee.

Nyota moja nimekata kwa ajili ya mbizi, nilijua imo kwenye ada kumbe unajilipia mwenyewe nje, na bumu lenyewe (hela ya mkopo) linaishia kwa mama ntilie. Nusu ni ya hadubini, moja watu wanane, ukifika zamu yako kidudu kimeshakauka.

Kazi sasa. Wote mnaiwaza TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, au hifadhi za bahari kama Mafia, sawa, ila nafasi zikitoka mnazigombania umati mzima. Wenzangu waliowahi kupata ni waliojifunza GIS, ramani za kuchora kwa kompyuta, wanafanya tathmini za mazingira kwenye miradi ya ujenzi wa pwani. Mmoja yuko shamba la majongoo bahari, mwingine yuko na kina mama wa mwani Unguja, wanahangaika na cottonii, aina ya mwani yenye bei kuliko aina nyingine, spinosum, lakini maji yakipata joto inaoza. Mimi niko kiwanda cha pweza, napima ubora, chumba cha baridi nyuzi 18 chini ya sifuri halafu natoka nje kwenye jua la Dar, mafua hayaniishi. Mshahara unatosha kodi.

Na fildi nendeni na viatu vya kufunga kamba, kandambili zangu bado ziko kwenye lile tope.