Nimehama Nairobi kwenda Arusha na nyumba nzima juu ya kenta: wakala wa forodha, Namanga, na ushuru wa mashine moja ya kufulia

Tumeishi Nairobi miaka 6, mkataba wangu wa kazi ulipoisha tukaamua turudi nyumbani Arusha na kila kitu chetu, sio uuze vitu kwa bei ya kutupa afu ukifika uanze kununua kijiko kimoja kimoja. Hii ni rivyu ya wakala niliyemtumia Namanga, pale mpakani mwa Kenya na Tanzania, pamoja na huduma ya mpakani kwa ujumla, maana kabla ya safari nilihangaika kutafuta mtu aliyeelezea kwa Kiswahili namna ya kuvusha vyombo vya ndani kwa barabara sikupata, kila ukitafuta unaletewa makontena ya bandarini na magari ya Japani.

Nianze na wakala wa kwanza, ndo mtaelewa kwa nini namsifia wa pili. Wiki 3 kabla ya kuhama nilipewa namba ya jamaa mwenye ofisi ya klaringi, nikamwambia nina kenta moja ya vyombo vya nyumbani, hajauliza nahama au nafanya biashara, hajauliza vitu ni vipya au vimetumika, hapo hapo akasema "kaka andaa milioni na laki 8, hiyo ni ushuru na kila kitu, nitumie nusu nianze kufuatilia." Nikamuuliza huo ushuru umepigwaje, akajibu we tuma tu, mambo ya hesabu niachie mimi. Jamani milioni na laki 8 za Tanzania! Makochi yetu na friji ukiyauza pamoja hayafiki huko. Mke wangu akasema basi tuuze, na tungeuza kweli, dalali alishakuja mpaka sebuleni kuangalia kabati.

Aliyetuokoa ni mama mmoja, wakala wa pale Namanga, ambaye shemeji yangu aliwahi kuvusha vitu kupitia kwake. Nilivyompigia hela hakuitaja kabisa. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, unahama au unaleta mzigo wa biashara?" Nikamwambia nahama mama. "Haya, una nini cha kuonyesha kwamba ulikuwa unaishi huko na sasa unarudi?" Akanitajia vya kuandaa: barua ya kumaliza mkataba wa kazi, kibali changu cha kazi cha Kenya, mkataba wa nyumba tuliyopanga, pasipoti, na orodha ya kila kitu kitakachopanda kwenye gari, pembeni niandike nimekinunua mwaka gani na kwa bei gani, risiti kama ipo niiambatanishe. Orodha ile ilituchukua jioni mbili, mke wangu anahesabu mi naandika, mpaka masufuria na mapazia.

Afu akanielewesha kitu ambacho yule wa kwanza ama hakijui ama hakutaka nikijue. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye jedwali la 5, inamsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi kwa vitu vyake binafsi na vyombo vya ndani alivyokuwa ANAVITUMIA kule alikotoka. Neno lenyewe ni hilo, kutumia. Na vinatakiwa viingie ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe ufike, kamishna wa forodha anaweza kukuongezea muda ila jumla isizidi siku 360. Kwa hiyo godoro unalolalia halina shida, ila godoro jipya kwenye nailoni, hata kama ni la kwako kweli, hilo ni bidhaa. Akaniuliza kipi ambacho hakijatumika, nikasema mashine ya kufulia, tumeinunua mwezi uliopita ikabaki kwenye boksi maana tulikuwa tunajua tunahama. Akasema basi hiyo jiandae kuilipia, usiifiche, iandike juu kabisa kwenye orodha.

Kufunga mizigo: msitumie mifuko ya plastiki ya kubebea, Kenya walipiga marufuku 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo pande zote mbili hairuhusiwi. Sisi nguo zote tuliweka kwenye shangazi kaja na viroba, vyombo kwenye maboksi tuliyoomba supamaketi, kila boksi lina namba inayolingana na orodha. Maua ya mke wangu ya kwenye vyungu yalibaki kwa jirani, mmea hauvuki bila cheti cha afya ya mimea na sisi hatukuwa nacho, kwa kweli alilia kidogo.

Tuliondoka Nairobi saa 10 alfajiri, mimi mbele na dereva, familia ikafuata na shato, yale mabasi madogo ya Nairobi-Arusha. Kitengela, Isinya, Kajiado, lami nzuri, kama kilomita 160 na kitu hivi mpaka Namanga, saa 2 na nusu asubuhi tupo chini ya ule mlima. Kenta ilikuwa ya Kenya ina bima ya Comesa, ile kadi ya njano inayokubalika hata gari likivuka nchi, kwa hiyo ilipewa kibali cha muda ikaendelea nasi hadi Arusha. Wengine wanafaulisha mzigo pale mpakani kwenda gari la Tanzania ili kuokoa hela, mi nisingeweza, kabati la vioo lishushwe na kupandishwa juani na watu wasiolijua, hapana.

Kuhusu kituo chenyewe niseme ukweli kimenifurahisha. Ni kile cha pamoja walichokizindua Magufuli na Uhuru Desemba 2018. Ukitoka Kenya husimami upande wa Kenya, unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Tanzania, humo ndani dirisha la uhamiaji wa Kenya wanakugongea kutoka, unasogea hatua chache dirisha la Tanzania wanakugongea kuingia. Nakumbuka zamani ulikuwa unapanga foleni mara mbili, afu katikati unatembea na mabegi huku watu wa kubadilisha hela wamekuzingira. Hii ya sasa mimi na pasipoti yangu nilimaliza chini ya dakika 20.

Mzigo ndo ulichukua muda. Mama alishaingiza hati kwenye mfumo wa forodha tangu jana yake, ila ukaguzi wa macho lazima. Akaja afisa mmoja dada, mtaratibu sana, na orodha yangu mkononi, akasema fungueni mlango wa nyuma. Hakushusha kila kitu. Alichagua: boksi namba 7, boksi namba 19, friji. Friji akaifungua akaona stika za katuni mwanangu alizobandika ndani ya mlango na harufu ya vitunguu bado ipo, akatabasamu akaifunga. Sufuria akaligeuza akaona masizi chini. Afu akafika kwenye mashine ya kufulia, akachana gundi ya boksi, akaizungusha akaangalia mgongoni, zile boliti nne za kusafirishia bado zimo, ambazo kila fundi anakwambia uzitoe kabla hujawasha. Akanigeukia: "Kaka hii haijawahi kufua." Nikamwambia ndiyo dada, ndo maana nimeiandika ya kwanza kwenye orodha. Akatazama karatasi, akatikisa kichwa kukubali, na naamini kuanzia hapo vingine vyote vilipita kwa sababu ya mstari ule mmoja.

Hesabu yake ntawawekea maana ndo kitu nilikosa. Risiti ilikuwa ya shilingi za Kenya, thamani iliyokubalika ikawa kama milioni 1 ya kwetu. Ushuru wa forodha asilimia 25, yaani 250,000. VAT asilimia 18 haipigwi kwenye ile milioni peke yake, inapigwa kwenye milioni pamoja na ushuru, yaani 18 ya 1,250,000 ni 225,000. Hapo ni 475,000, ukiongeza tozo ndogo ndogo kama ya maendeleo ya reli ikagonga kama laki 5 hivi. Inauma, nusu ya bei ya mashine! Kama ingekuwa imetengenezwa Kenya na ina cheti cha uasili, kile kinachothibitisha kitu kimetengenezwa nchi gani, ushuru wa forodha ungekuwa sifuri, yangebaki malipo mengine kama VAT, ila hii ilitoka China kwa hiyo kununuliwa Nairobi hakuisaidii kitu. Bora tungeitumia tangu siku ile ya kwanza tuliyoinunua.

Malipo ni kwa kontrol namba (namba ya kulipia) ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, jina langu linaonekana pale, nikalipa kwa simu risiti ikaja palepale. Hakuna noti iliyopita mkononi mwa mtu. Mama yeye alichukua laki 2 na nusu yake ya kazi kama tulivyokubaliana, baada ya gari kuruhusiwa, sio kabla.

Kasoro zipo. Kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana simu yake haikupokelewa, nikakaa kwenye kivuli cha gari na dereva ananiuliza "boss, ama tunalala hapa?" na mi sina jibu, kumbe alikuwa ndani na mteja mwingine, angenitumia hata meseji moja. Na asingesema "dakika 5" kila mara wakati ni lisaa. Geti tulitoka saa 10 jioni, Arusha tukaingia usiku saa 1 na nusu, kioo kimoja cha kabati tu kimepata ufa.

Wakala nampa 4 kati ya 5, huduma ya mpakani 4 na nusu. Baiskeli za watoto na rafu ya vitabu vimebaki kwa jirani wa Nairobi, pamoja na yale maua, tunavifuata kabla siku 90 hazijaisha. Orodha nimeshamtumia mama, na safari hii ameniagiza nimuulize jirani anapopatikana mtu wa kutoa cheti cha mimea.